Wanawake wa Tanga tunataka kwenda Dubai kununua vitu vya harusi, visanga vya njiani vikoje? Wenye uzoefu njooni

MamaHarusi_Chumbageni

Habari za saa hizi wadau, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo kwa waliokwisha kwenda.

Mi mkazi wa Tanga mjini, binti yangu anaolewa baada ya mfungo inshallah. Sasa sisi ndugu na mashoga tuna mchezo wetu tumecheza muda mrefu na tuliweka pembeni fungu la kutembea, likaja wazo kwamba badala ya kila mtu kupanda basi kivyake kwenda Kariakoo, twende wote Dubai wiki moja, tununue dhahabu ya bibi harusi, mabaibui, udi, mapazia, vyombo, na sisi wenyewe tupumzike kidogo, tuuone ule mnara mrefu, turudi. Yani harusi na likizo humo humo.

Ejenti mmoja wa Dar ametupa bei ya jumla, tiketi, viza, hoteli mtaa wa Deira na gari la kutupokea. Bei inauma ila tunaiweza. Kinachonitia homa ni maneno ninayosikia mtaani. Jirani yangu hapa alikosa ndege hivi hivi, tiketi ilisema tarehe 14 saa 00:35, wao wakaelewa ni ile usiku tarehe 14 ikiisha, wakafika uwanjani na mabegi na msafara wa kuwasindikiza, vigelegele mpaka mlangoni, kumbe ndege imeshaondoka jana yake usiku wa kuamkia hiyo 14. Tiketi mpya ikala karibu pesa yote ya manunuzi, wamefika huko wananunua pipi. Mwingine begi lake lilipanda ndege nyingine likatalii bila yeye.

Kwa hiyo nauliza, mwezi gani mzuri kwenda, dhahabu ya kule bado ina unafuu au ni hadithi za zamani, na tukitoka Tanga ni sawa kuondoka asubuhi na ndege ya usiku wa siku hiyo hiyo au tukalale Dar? Kuna aliyesema tupitie Mombasa ni karibu. Na tunaye mama mkubwa, mtu mzima sana, amesema harusi ya mjukuu wake haipiti bila yeye kuchagua udi mwenyewe, ana dawa zake za presha na hatoki nyumbani bila tambuu. Nisaidieni jamani kabla sijatoa adivansi.

Kange_Kila_Siku

Dada habari, mi kazi yangu ipo stendi ya Kange kwa hiyo hapo kwenye Tanga mpaka Dar nitakujibu, hayo ya dhahabu waje wenyewe.

Usiondoke siku hiyo hiyo. Najua utaambiwa kilomita 350 tu, asubuhi umetoka, saa nane mchana uko Mbezi, ndege saa nne usiku, muda upo wa kumwaga. Muda upo siku njia ikiwa nzuri. Lori likilala Segera au Chalinze unakaa hapo mpaka waje walitoe, na ukishaivuka Chalinze bado hujavuka Kibaha, halafu stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ndo mwisho wa basi lakini uwanja wa ndege uko upande mwingine kabisa wa mji, jioni ya siku ya kazi na mabegi yenu na mama mkubwa kwenye teksi, hiyo foleni mi siwezi kukuhesabia. Nimewashusha watu wengi wakilia. Ndege za nje wanafunga kaunta saa nzima kabla ya kuruka, wengine zaidi, na hakuna cha kumbembeleza mtu pale.

Mabasi ya usiku yalirudishwa 2023 ndio, ila sikushauri kumkesheza mtu mzima barabarani halafu umpandishe ndege. Laleni Dar usiku mmoja kwa ndugu, mwoge, mle, mwende uwanjani mchana mchana kama watu.

Mombasa: ni karibu kweli kuliko Dar, kwenda unaweza kuona raha. Rudi sasa. Unatua na mabegi ya vyombo na mapazia Kenya, forodha ya kwao wanakuuliza, halafu feri ya Likoni au uzungukie Dongo Kundu, halafu Horohoro na forodha ya kwetu nao wanakuuliza upya. Mzigo mmoja unauelezea mara mbili kwa nchi mbili. Na kadi za homa ya manjano mziandae mapema, zile za njano, watu huzikumbuka wakiwa dirishani. Chanjo ukichoma leo kadi inaanza kuhesabika baada ya siku 10, ila ukishachoma ndo maisha, tangu 2016 hairudiwi tena kila miaka kumi kama zamani. Kwa hiyo kama kuna aliyechomwa kwenda Hija miaka ya nyuma atafute kadi yake kabatini, asilipie mara ya pili.

Mzee_wa_Makorora

Mnatoka Tanga mnapanda ndege kwenda kununua sufuria ya Mchina kwa Mwarabu. Haya.

BintiPangani88

Mzee wa Makorora usianze 😂

Dada mwenye uzi, mi nitakwambia kuhusu mwezi. Watu wote watakwambia Desemba na Januari, na ni kweli, ndo kuna lile tamasha lao la manunuzi lililoanza 1996, punguzo kila mahali na hewa nzuri unaweza kutembea kwa miguu Deira nzima. Ubaya wake hoteli zinapanda na tiketi zinapanda, kwa hiyo ulichookoa kwenye baibui umekitoa kwenye kitanda. Julai na Agosti hoteli ni za kumwaga lakini lile joto sio letu hili la Tanga la kukaa barazani na kipepeo, ni zaidi ya nyuzi 40, ukitoka dukani miwani inaingia ukungu, na mama mkubwa humtoi nje.

Sisi tulichagua Aprili 2024, baada tu ya Idi, maana tuliambiwa maduka yanamalizia mzigo wa sikukuu. Na kweli tulinunua. Mabaibui, mashuka, vyombo vya chai seti kwa seti. Tumefunga maboksi, tumeyapanga chini ukumbini kwa hoteli karibu na mlango kwa sababu gari la kwenda uwanjani linakuja alfajiri.

Ikaanza mvua. Jamani. Tarehe 16 Aprili, Jumanne, mkigugo mtaona video zake. Walisema haijanyesha vile tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Mji ule haujajengewa mvua, maji hayana pa kwenda, kwa hiyo yanakuja kwako. Ule ukumbi ulijaa mpaka kifundo cha mguu, na maboksi yetu yalikuwa pale chini. Karatasi ya boksi ikishalowa inakuwa uji, unainua boksi kitako kinabaki sakafuni na vikombe vinabaki na kitako. Udi niliununua kwa kujibana ukaogelea. Lifti zimezimwa tunapandisha mabaibui yanayochuruzika maji kwa ngazi kama tunaanua nguo za msiba.

Uwanjani ndo balaa, ndege zaidi ya 1,200 zilifutwa zile siku mbili, watu wamelala chini kila kona, mtu anagombania soketi ya kuchajia simu kuliko chakula. Shirika letu simu hawapokei, kwenye kaunta wanasema subirini ujumbe, ujumbe wenyewe unakuja unasema subirini. Metro nayo vituo kadhaa vya laini nyekundu vilifungwa wiki kadhaa, kwa hiyo teksi, na teksi ndo hazipatikani. Tumelipa hoteli usiku baada ya usiku kwa bei ya siku hiyo, sio ile ya ejenti.

Waliopona kati yetu ni wawili tu waliokuwa na bima ya safari, na hata hiyo walilipwa baadaye kwa risiti. Wengine tulifika nyumbani na deni. Sikutishi dada, mvua ile haiji kila mwaka. Ila usiende na pesa ya manunuzi peke yake ukasema tiketi na hoteli nimeshalipa. Kila mtu awe na hela ya siku mbili tatu za ziada ambayo haiguswi hata akikutana na kabati la vyombo linalozungumza naye. Na hiyo bima mwulize ejenti kwa maandishi, ipo humo kwenye hiyo bei ya jumla au haipo? Wengi huiacha ili bei ionekane ndogo.

SonaraNgamiani

Assalaam alaykum. Naona dhahabu imeachwa nami ndo kazi yangu, nilijifunza kwa baba tangu tukipuliza moto kwa mdomo.

Bi mkubwa, unafuu wa Dubai haupo kwenye dhahabu yenyewe. Bei ya dhahabu ni ya dunia nzima, Deira wanaiandika kwenye kioo kila siku, karati 24, 22, 21, 18, duka la kwanza na la mwisho ile namba ni moja. Wanapotofautiana ni ujira wa kutengeneza. Hapo ndo pa kubishana. Mkufu wa mashine ujira wake mdogo, seti ya harusi yenye nakshi ya mkono ujira wake unaweza kukutoa macho. Na mwanamke akiingia dukani akasema "hii bei gani" ameshaliwa, yeye aseme hivi: nipimie gramu, toa mawe kwenye uzito, bei ya leo ya gramu ngapi, ujira wako kwa gramu ngapi. Atakaa sawa.

Tena mpigie hesabu kabla hamjaondoka. Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Oktoba 2025 aunsi ilivuka dola 4,000, ilikuwa haijawahi kutokea. Chukua hiyo, gramu ya dhahabu safi ni dola 128 na ushee, karati 22 ni sehemu 22 kati ya 24 kwa hiyo kama dola 118 gramu. Seti ya gramu 30 ishakuwa zaidi ya dola 3,500 bila ujira na bila ile kodi yao ya asilimia 5. Zamani mama zenu walikuwa wanarudi na bangili mpaka kiwikoni, hiyo pesa sa hivi inanunua hereni na kidani chembamba. Bora bibi harusi ajue mapema kuliko kujua mbele ya muuza duka.

Angalia mhuri. 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Kama hauonekani chukua miwani, na kama bado hauonekani toka. Kodi ile ya asilimia 5, waliianza Januari 2018, mgeni unarudishiwa sehemu yake uwanjani ukiwa umenunua kuanzia dirham 250 kwenye duka lililo kwenye mpango huo, lakini sio yote, wanakata ada yao. Ila lazima useme dukani wakati wa kulipa, na pasipoti yako iwe mkononi. Ukiacha pasipoti hoteli wanakwambia rudi kesho na kesho huirudi. Na pale uwanjani unapita kwenye kaunta yao KABLA ya kukabidhi mabegi, maana wanaweza kutaka kuona ulichonunua, kikishapanda ndege ndo basi tena.

Dhahabu vaeni au wekeni kwenye pochi ya mkononi. Begi la kwenda chini ya ndege sio mahali pa dhahabu hata kama lina kufuli ya namba. Na mkiwa mnabeba vitu vya thamani kubwa, pesa na dhahabu pamoja kupita dirham 60,000 kwa mtu mmoja, kwao mnatakiwa kutoa taarifa forodha, kuingia na kutoka. Najua mnasema hatufiki huko, ila nimeona kikundi kizima wanampa mtu mmoja mwaminifu abebe za wote.

MamaHarusi_Chumbageni

Sonara ahsante sana baba yangu, hiyo ya kumkabidhi mmoja ndo tulivyokuwa tumepanga kabisa, tulishamteua na mtu 😅 Binti Pangani pole mamaa, nimesoma ya vikombe nikacheka kisha nikajisikia vibaya.

Ya tambuu hamjanijibu.

Laleli_kwa_mguu

Ngoja nije na mimi nina mawazo tofauti kidogo. Kama ni mabaibui na dhahabu sawa Dubai. Lakini kama kuna nguo za watoto wa harusi, magauni ya jioni, suti za bwana harusi na wapambe wake, mi naona Istanbul. Mi nauza nguo barabara ya 12 hapa Ngamiani na kule ndo chimbo langu.

Mtaa unaitwa Laleli, huko ni jumla, na Merter na Osmanbey. Sasa mtu akienda kama mtalii hapaelewi. Unaingia dukani unapenda gauni moja unaambiwa hapana, tunauza seri. Seri ni pakiti ya gauni moja kwa saizi zote, unachukua zote au unaacha. Kwa mfanyabiashara ni sawa, kwa mtu wa harusi inabidi uwe na kikundi, mnagawana saizi, ndo maana nasema nyie mko kundi ingewafaa. Wauzaji wanaongea Kirusi kuliko Kiingereza, kikokotoo ndo mkalimani. Na lile soko kubwa la kufunikwa la zamani ni zuri kwa picha, bei zake za watalii, na Jumapili limefungwa, kuna mtu alibakiza siku yake ya mwisho kwa ajili ya soko hilo na siku yenyewe Jumapili.

Kisanga changu sasa. Ejenti, simtaji, alinikatia tiketi mbili tofauti akaziunga, ili iwe rahisi. Natua Istanbul asubuhi, naondoka mchana na shirika lingine kurudi Afrika. Kwenye karatasi inasoma Istanbul, Istanbul, masaa matano katikati, nani atashtuka? Nimetua, natafuta geti la ndege yangu kwenye ubao, halipo. Nauliza, yule dada akaangalia tiketi akaniangalia mimi, akasema ndege yako haiko hapa, iko Sabiha. Kumbe mji ule una viwanja viwili, ule mkubwa mpya upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen upande wa Asia, na kati yake kuna mji wa watu milioni 15 na bahari. Na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili mbali mbali, mabegi hayaendi yenyewe, inabidi niyachukue, na kuyachukua ni lazima niingie nchini, na kuingia nchini viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja na nilikuwa nimeshaitumia mara ya kwanza nilipoingia kufuata mzigo, nikatoka kwenda nchi ya jirani kwa siku chache. Nilikaa kwenye benchi pale nikaangalia ndege yangu kwenye simu ikiondoka. Shirika la kwanza wanasema sisi tumekufikisha. La pili wanasema hukutokea. Ejenti simu imezimwa.

Kwa hiyo dada hata kama ni Dubai, waulize tiketi ni MOJA yenye namba moja ya buking kutoka Dar mpaka mwisho na kurudi? Ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni kazi yao kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, ni kazi yako. Na tazama zile herufi tatu za uwanja, Istanbul mkubwa ni IST, Sabiha ni SAW. Dubai nako kuna DXB na kuna DWC, ule wa pili uko mbali kusini huko. Tena hata hapo DXB terminali ziko tatu na Terminali 2 iko upande wa pili wa uwanja, ukishushwa terminali sio utazunguka na teksi.

Mzee_wa_Makorora

Bado sijasikia mtu aliyerudi na furaha.

Laleli_kwa_mguu

Mzee mi bado naenda kila msimu, faida ipo, hapa tunasimulia visanga kwa sababu ndo alichouliza 😄

Nesi_wa_Bombo

Ya mama mkubwa nijibu mimi. Sina mengi.

Tambuu ASIPANDE NAYO NDEGE. Sio utani. Majani ya tambuu na mchanganyiko wake yamo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa kuingia Imarati. Popoo, chokaa, kile kikopo chake cha shaba chote kibaki nyumbani, na mkung'ute pochi yake mpaka kwenye mikunjo maana bibi zetu hawa wanaficha. Mirungi ndo kabisa, kule ni dawa za kulevya, sio mambo ya kunyang'anywa ni mambo ya mahakama, sasa kama kuna kijana wa kuwasindikiza anayetokea Lushoto mwambieni na yeye mapema.

Dawa za presha hazina shida, ziwe kwenye pakiti zake zenye jina, na karatasi ya daktari yenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, ziwe begi la mkononi za kutosha na siku za ziada juu (mmesikia ya Binti Pangani). Shida ni zile dawa za maumivu. Kama kuna mwenye tramadol au dawa ya kikohozi yenye kodeini, kule inahitaji kibali cha serikali yao kabla hujasafiri. Wazee wanapewa tramadol ya magoti wanaitupa kwenye pochi kama peremende. Mwageni pochi yake kitandani siku moja kabla, kwa heshima, mkiwa naye.

Na ombeni kiti cha magurudumu mapema wakati wa kukata tiketi, ni bure, uwanja ule ni mkubwa mno kwa magoti. Akitumia kiti msindikizaji wake mara nyingi hupitishwa naye foleni ya mbele, hapo ndo mtajua umuhimu wa mama mkubwa.

mzigo_na_kilo

Nilikuwa nafanya kazi upande wa mabegi uwanja wa ndege (nchi siitaji), niongezee ya mabegi maana ndo pesa zenu zitakakopotelea.

Kwanza ulizeni ni kilo ngapi, na ni begi ngapi. Mashirika mengi ya njia zetu hutoa mabegi mawili ya kilo 23. Haina maana kilo 46 ujaze utakavyo, begi moja likiwa 28 na lingine 18 bado wanaweza kukulipisha lile la 28, na likivuka 32 hawalipokei hata ulipe, wabebaji hawaruhusiwi kulinyanyua. Ndo maana unaona wamama wamefungua mabegi chini pale mbele ya kaunta wanahamisha mashuka huku wanatoleana maneno. Ekses, yani malipo ya kilo zilizozidi, ya uwanjani ni ghali kuliko kitu kingine chochote mtakachonunua safari nzima. Vyombo na mapazia toeni kwa kago Deira, ofisi za kusafirisha mpaka Dar ziko kibao pale, kwa meli wanapima ujazo, kwa ndege wanapima kilo. Vyombo vizito viende meli, na msivitegemee kwa tarehe ya harusi.

Pawabenki ni begi la mkononi TU. Ukiiweka chini mashine inaiona, begi lako linatolewa pembeni, ndege inaondoka. Asilimia kubwa ya yale mabegi "yaliyotalii" tuliyokuwa tunakaa nayo yalikuwa ya hivyo, au yale ya tranziti fupi, mtu amekimbia akawahi ndege yake, begi halina miguu.

Likipotea: usitoke nje ya ule ukumbi wa mabegi bila kuandikisha taarifa yao, wanakupa karatasi yenye namba. Ukitoka ukasema nitapiga simu kesho, umejimaliza. Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania imo, unasema begi likiharibika unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 7, likichelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na zikipita siku 21 halijaja lihesabike limepotea. Kikomo cha fidia tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, hiyo ni pesa ya hesabu za IMF, ukigeuza ni kama dola elfu mbili na kidogo. Ni kikomo, hulipwi hiyo moja kwa moja, unalipwa ulichoweza kuonyesha. Kwa hiyo risiti zote piga picha siku unayonunua, na begi lenyewe piga picha likiwa wazi kabla ya kulifunga. Wakati mnabadilisha pesa na kupiga picha za mnara mpige na hiyo.

Na mgawane. Nguo za mtu mmoja zisikae begi moja, changanyeni, begi la fulani likipotea kila mtu apungukiwe kidogo. Ila baibui na kitu kimoja cha bibi harusi viende mkononi.

MamaHarusi_Chumbageni

Nimesoma yote nimewasomea na wenzangu kwa sauti. Tumeamua hivi, Dubai ile ile, ila tunakwenda Novemba kabla bei hazijapanda, Dar tunalala kwa shemeji Tabata usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi. Ejenti nimempigia nikamwuliza tiketi moja au mbili, akanyamaza kidogo kisha akasema "ni kama moja". Nimemwambia anitumie hiyo kama moja kwa maandishi, mpaka sasa hajatuma, adivansi ninayo mwenyewe. Bima haikuwemo.

Vyombo nimeviondoa kwenye orodha, hivyo nitavifuata Kariakoo, Mzee wa Makorora furahi.

Mama mkubwa amepewa habari ya tambuu. Amesema basi atakaa wiki nzima bila kuongea na mtu.

Mzee_wa_Makorora

Huyo sasa ndo wa kumpeleka. Mpe salamu, mwambie kuna sonara mzuri tu Ngamiani ameandika humu humu na hajachaji ujira.

SonaraNgamiani

Nachaji. Ila kuipima na kuwatazamia mhuri mkirudi ni bure, njooni kabla ya Ijumaa maana Ijumaa nafunga mapema.